Zamu ya Kumlisha Nzigire

Jumanne, tarehe kumi na nne Januari mwaka 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, Rakeli Cubaka aliulizwa seli zake ziitwe nani, naye akatoa jina ambalo hakupaswa kulitoa. Mambo yalianzia hapo. Kabla ya hapo ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine za Columbus: theluji iliyochafuka kando ya barabara, basi la Clintonville limechelewa, kahawa ya maabara ina ladha ya plastiki kama siku zote.

Maabara yao ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la kemia, katika chuo kikuu kimoja cha mjini hapo. Walitafuta kemikali za kusaidia vidonda vifunge, hasa vidonda vya wagonjwa wa kisukari. Wen, kijana wa Chengdu asiyejua kukaa chini, ndiye aliyezipika kemikali hizo. Telesphory, Mhaya wa Bukoba, mwenye shahada ya uzamivu na viatu vya mwanafunzi, alichunguza kila kemikali inang'ang'ania nini ndani ya seli. Rakeli alizikuza seli zenyewe. Profesa Hargrove, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, aliwatafutia fedha na kuwakumbusha kula mchana.

Walikuwa na desturi yao. Kila aina mpya ya seli ilipewa jina, na jina likishaandikwa ubaoni liliingia kwenye zamu ya kulisha. Zilizotangulia ziliitwa Biskuti, Supu na Mjomba. Seli hulishwa maji ya rangi ya waridi yenye sukari na chumvi, nazo hukaa ndani ya kabati lenye joto sawasawa na la mwili wa mtu. Anayesahau zamu yake huua kazi ya wenzake wote. Kwa hiyo neno la kwanza kusikika pale kila asubuhi lilikuwa hilo: nani amemlisha nani.

"Za kwako zimekuwa kubwa sasa," Profesa alimwambia. "Zinastahili jina."

Rakeli alikuwa amechoka. Desemba yote ilikuwa imeishia Buffalo, kwenye mazishi. Alifungua mdomo, na jina lililokuwa karibu ndilo lililotoka.

"Nzigire."

Profesa akalirudia polepole. Wen akalirudia, akalikosea, akajaribu tena. Telesphory aliliandika ubaoni kwa kalamu ya kijani, kisha akageuka na kumwuliza kwa Kiswahili, "Nani huyo?"

"Jina tu. Ni la kwetu."

"Nyinyi Wakongo hata majina mnayataja kama mnakimbizwa."

"Na nyinyi Watanzania munayataja kama muko mahakamani."

Walicheka. Simu ya Rakeli ikatetemeka, akatoka nayo kwenye ujia. Alikuwa Jolie, msichana wa miaka kumi na minne, binti pekee wa marehemu shangazi yake. Tangu mazishi alikuwa akiishi Buffalo kwa mjomba wake, Mzee Zihindula. Shule za huko zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya theluji. Jolie alizungumza Kiingereza, kama alivyozungumza na kila mtu, isipokuwa neno yaya, yaani dada mkubwa. Hata mama yake akimsemesha Kiswahili, jibu lilikuwa lilelile la Kiingereza.

"Yaya, uko huku kwetu?"

"Niko kazini. Kwa nini?"

"Kuna mtu amemwita maman kwa jina lake. Hapa ndani." Alishusha sauti. "Na maman ameitika."

"Ameitika vipi?"

"Amesema abee. Kila akiitwa anasema abee."

Rakeli alitazama kupitia kioo cha mlango. Ndani, Wen alikuwa bado anajizoeza. Alisimama mbele ya ubao, midomo ikilitamka lile jina kwa uangalifu, silabi baada ya silabi. Midomo ilipofunga, ndani ya simu, mbali kidogo na alipokuwa Jolie, kama mtu aliyekuwa jikoni na mikono yake ina maji, sauti ya mwanamke ilisema: "Abee."

Rakeli alijiambia ni televisheni. Aliporudi ndani alifungua kabati la joto, akatoa chupa bapa moja, akaitazama dhidi ya taa. Maji ya waridi, safi. Alipoishika aliona aibu kama mtu aliyekutwa ameshika pochi isiyo yake, na kwa kweli hiyo aibu haikuwa ngeni. Ilikuwa imekaa naye tangu Septemba, Louisville.

Tantine Nzigire, shangazi yake huyo, alifanya kazi kwenye ghala la kupanga maboksi, Louisville. Kwenye mkono wa kushoto alikuwa na kovu nene kama kidole, alilolipata kwenye senyenge siku walipokimbia vita kwao Walungu. Kovu halikukoma kukua. Lilimwasha, lilinasa kwenye glavu, likamnyima usingizi. Hospitali ikakubali kulikata. Rakeli aliposikia, moyo ulimruka, maana seli za kovu la namna ile, ambalo halijui kuacha kupona, ndizo maabara yao ilizozitafuta mwaka mzima bila kuzipata. Profesa aliwasiliana na hospitali kwa utaratibu. Kilichobaki ni mgonjwa mwenyewe kukubali.

Siku yenyewe, hospitali ilileta mkalimani kwenye simu. Rakeli alisema hakuna haja, yeye ni mtoto wa kaka yake. Daktari alieleza kwa utulivu: kipande kitakachokatwa kinaweza kwenda kwa watafiti, kinaweza kukuzwa kwa miaka mingi, kinaweza kugawiwa maabara nyingine. Mama ana haki ya kukataa na matibabu yake hayatabadilika. Kisha akamtazama Rakeli atafsiri.

Rakeli alimjua tantine yake. Kwenye kibaraza cha nyumba yao ya kupanga alikuwa na mkebe wa rangi uliojaa udongo, wenye mche wa pilipili. Humo alizika kucha zake, nywele zilizobaki kwenye kitana, na meno ya utoto ya Jolie. "Mutu anarudi ku udongo muzima," alizoea kusema, akipigapiga udongo kwa kiganja. "Hapana nusu." Akiambiwa maneno ya daktari yote, angekataa.

"Anasema itauma kidogo," Rakeli alisema, "na kovu halitarudi. Unakubali?"

"Weye ndiye umesoma. Nikubalie."

Baadaye, mkono umeshafungwa bandeji, tantine aliuliza. Walikuwa wawili tu chumbani. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama anaona haya kuwasumbua watu wa kazi. "Rakeli mwanangu. Donc, ile kipande wanaitupa wapi? Munipatie, niende nayo."

"Wameisha kuitupa, tantine."

Kilikuwa nyuma yake, kwenye sanduku dogo la barafu. Angenyoosha mkono angekigusa.

Desemba, baada ya zamu ya ghala, tantine alilala na hakuamka. Moyo, walisema. Ndugu zake walimpeleka Buffalo ili azikwe karibu na anakoishi kaka yake, Mzee Zihindula. Tangu siku ile hakuna mtu wa ukoo aliyelitaja jina lake pekee. Walisema marehemu Nzigire, kila mara, hata mezani, hata watoto, maana aliyekufa haitwi kama mtu aliye hai, asije akaitika. Rakeli naye alisema hivyo, mpaka Jumanne ile mbele ya ubao.

Jumatano ilikuwa zamu yake ya kulisha. Alikuta maji yameshabadilishwa. Aliuliza, kila mtu akakana. Alikuwa bado ameshika kitambaa cha dawa aliposikia simu.

Jolie hakusalimia. Na hakuzungumza Kiingereza.

"Yaya, maman anauliza. Kwa nini munamulisha damu ya ngombe mwenye hajazaliwa?"

Rakeli aliketi kwenye kiti cha karibu. Maji yale ya waridi huchanganywa na majimaji ya damu ya ndama waliotolewa tumboni mwa mama zao. Imeandikwa kwenye chupa, na chupa iko kwenye friji ya maabara. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuambiwa jambo hilo. Yeye mwenyewe alikuwa ameficha, maana alijua watu wangetema mate.

"Nani amekuambia hivyo?"

"Yeye." Mtoto ambaye maisha yake yote hakuwahi kumaliza sentensi moja ya Kiswahili alivuta pumzi. "Anasema ana njaa ya sombe. Anasema huku ni joto lakini ni giza. Anasema mulango wake ni wa kioo."

Alhamisi kazi ilipangwa na haikuweza kuahirishwa. Wen alikuwa ameshaleta kemikali yake. Jaribio ni rahisi: unachukua sahani ambayo seli zimetanda chini yake kama ngozi, unashika ncha ya pipeti, unakwaruza mstari mmoja katikati. Huo ndio huwa kidonda. Kisha unatia kemikali na kutazama kinafungaje. Kwa kawaida kinachukua usiku kucha.

Alishika sahani. Akairudisha mezani, akaishika tena.

Akakwaruza.

Simu ikalia mfukoni mwake kabla hajaweka pipeti chini.

"Unamukwaruza," Jolie alisema. Alinong'ona, na alikuwa analia. "Yaya, wacha. Maman anasema ni weye. Anasema anajua mukono wako."

"Jolie, nisikilize. Mko na nani hapo?"

"Anashika ule mukono. Wa kushoto."

Simu ikakatika. Rakeli akarudi kwenye hadubini. Hakutaka kutazama. Akatazama. Mstari haukuwapo. Kidonda cha usiku kucha kilikuwa kimefunga ndani ya maneno machache ya simu. Na pale ulipokuwa mstari, seli zilikuwa zimepandana, zimevimba. Nene kama kidole.

Aliifunika sahani. Alinawa mikono mara mbili. Hakumwambia mtu.

Ijumaa mchana Wen alipiga kelele kutoka upande wake wa maabara, kama walivyozoea, "Nani ana Nzigire?" Rakeli alikuwa mezani kwake. Baada ya muda Telesphory akatoka kwenye chumba cha kuoshea vyombo, kinachopakana na chumba cha seli. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini safari hii alitembea taratibu, akasimama karibu naye kuliko kawaida.

"Kwenye chumba cha seli yuko nani?"

"Hakuna mtu."

"Kuna mwanamke ameitika." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Abee. Vile mama zetu wanavyoitika. Nimefungua mlango, hamna mtu. Rakeli. Nzigire ni nani?"

Akamwambia. Alimwambia yote, akitazama vifungo vya koti lake la maabara. Telesphory alisikiliza bila kumkatiza.

"Nenda kwa Profesa sasa hivi," alisema mwishoni. "Ridhaa ya uongo si ridhaa. Ukisema, zinatolewa zote, na kazi yote iliyofanywa kwazo. Inakwisha."

"Na mimi je?"

"Wewe utaaibika. Watu wanaaibika, dada, na jioni wanakula wali kama kawaida."

Alikwenda. Aligonga, akaingia, akaketi. Sentensi ilikuwa tayari kichwani. Profesa aliinua macho na kutabasamu, na sentensi ikakauka.

"Nadhani seli zangu zina uchafu," Rakeli alisema badala yake. "Pengine tuzitupe zote tuanze upya."

"Tulizipima juzi. Ni safi kuliko zote tulizowahi kuwa nazo." Profesa aligeuza kompyuta amwonyeshe. "Na nina habari njema. Jumatano nilituma vichupa kwa wenzetu wawili, mmoja Louisville, mwingine Buffalo. Leo wamenijibu, seli zimefika, zinakua vizuri sana." Alicheka kidogo, kwa furaha ya kweli. "Sasa Nzigire yuko kila mahali."

Jumatatu ilikuwa siku ya mapumziko ya taifa. Rakeli aliendesha gari kutoka Columbus hadi Buffalo akiwa na chupa bapa moja ndani ya koti, imefungwa kwa kitenge, imelala juu ya tumbo lake isipoe. Mpango wake ulikuwa mdogo na wa aibu: afike kama mgeni, aombe kumwagilia ule mche wa pilipili, uliohamia huko pamoja na Jolie, azike alichokileta bila mtu kujua, arudi zake. Njiani mara kwa mara alihisi chupa ikipata joto kuliko yeye.

Mzee Zihindula alikaa ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, Lower West Side. Viatu vilijaa mlangoni, madirisha yamezibwa kwa plastiki, harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, imeshika ngazi nzima. Alikuwa amerudi kutoka kazini kwake, kuangalia wazee wa watu, na bado alikuwa na sweta ya kazi.

"Karibu, mwanangu. Barabara ilikuwa ya namna gani?"

"Nzuri, baba mkubwa. Baridi tu."

"Baridi ni ya serikali, hakuna wa kuishitaki. Ikala ku kiti hii. Ule mutoto hakuli. Hasinzii. Pengine weye atakusikiliza."

Jolie alikuwa dirishani, shali ya mama yake mabegani. Alikuwa amekonda mpaka taya. Mkebe wa rangi, uliokuja na mizigo kutoka Louisville, ulikuwa miguuni pake, mche wa pilipili umebaki vijiti. Hakugeuka. Kwa mkono wa kulia alikuwa ameshika mkono wake wa kushoto, pale juu ya kifundo, kama mtu anayezuia damu.

"Nimwagilie mche?" Rakeli aliuliza. Alisikia sauti yake mwenyewe ilivyokuwa ya uongo.

Jolie akageuka.

"Rakeli mwanangu," alisema. Haikuwa sauti ya mtoto. Ilikuwa ndogo, yenye haya, ya mtu asiyetaka kusumbua. "Donc, ile kipande wanaitupa wapi? Munipatie, niende nayo."

Maneno yale yalisemwa mara moja tu, chumba cha hospitali, watu wawili. Mmoja wao alikuwa ardhini.

Mzee Zihindula alimtazama Jolie. Kisha akamtazama Rakeli, muda mrefu.

"Kipande gani?"

Rakeli alipiga magoti. Hakuwa amepanga kupiga magoti. Alitoa kitenge ndani ya koti, akakifungua sakafuni, akasema. Alisema alichosema daktari na alichosema yeye. Alisema sanduku la barafu lilikuwa wapi. Hakuacha hata habari ya ndama.

"Bon," alisema mzee. Alikaa chini, mikono juu ya magoti. "Kule nyumbani tuliacha watu barabarani. Wengine hatukuwazika hata kidole. Siku ya dada yangu nilimushukuru Mungu. Nilisema, huyu moja walau tumemuzika muzima."

Hakupandisha sauti. Rakeli angetoa chochote apandishe sauti.

Walichimba kwa kijiko cha mchuzi, pale pale sebuleni, kwa kuwa nje ardhi ilikuwa jiwe. Rakeli alifungua kifuniko, akamimina maji ya waridi kwenye udongo mweusi. Udongo uliyanywa yote mara moja. Mzee alisali kwa Kimashi, lugha ya kwao, maneno machache, akafukia, akapigapiga juu kwa kiganja. Jolie aliachilia mkono wake. Aliomba maji, kwa Kiingereza. Halafu akalala kwenye kochi, mdomo wazi, kama watoto wanavyolala.

"Ile ingine?" mzee alinong'ona.

"Ziko Columbus. Na Louisville. Na hapa Buffalo kuna kichupa. Wanamlisha wote."

"Na wanamuita jina?"

"Ndiyo."

"Ataitika. Nzigire hakujua kunyamazia mutu." Alimfunika Jolie miguu. "Utasema kwao?"

"Nitasema, baba mkubwa."

"Sema kabla hawajakushika. Kwetu umesema kwa sababu umeshikwa."

Jumanne asubuhi, kesho yake, Rakeli alifika maabara mapema kuliko wote. Taa za chumba cha seli zilipowaka, alisikia harufu kabla hajafungua kabati la joto. Harufu ya ardhi baada ya mvua, na pilipili.

Alifungua.

Chupa zilikuwa zimepangwa kama alivyoziacha. Vifuniko vilikuwa vimekazwa, kila kimoja na alama ya kalamu ambayo Telesphory huipitisha juu ya kifuniko na shingo ya chupa akishalisha. Hakuna alama iliyokatika. Ndani hamkuwa na maji ya waridi. Mlikuwa na udongo. Mweusi, mkavu, umelala chini ya kila chupa kwa unene wa kidole.

Telesphory alikuja akasimama nyuma yake.

"Mimi ndiye niliyezilisha Jumapili," alisema. "Zilikuwa nzima." Halafu, polepole, "Watasema ni ukungu. Hakuna atakayeuliza. Unaelewa? Hakuna atakayeuliza kitu."

Alikuwa akimjaribu, au akimhurumia. Rakeli hakujua. Alijua tu kwamba kifua chake kilishuka, kwamba pumzi iliyomkwama tangu Septemba ilitoka, na kwamba ile nafuu ilikuwa ya aibu kuliko kosa lenyewe.

Kwenye mkutano Profesa aliambiwa kwamba seli za kabatini zimeharibiwa na ukungu, akampa Rakeli pole. "Hutokea. Hata mimi nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kukuza ukungu mwezi mzima." Wakacheka kidogo. "Tuna vichupa vingi vilivyogandishwa kwenye nitrojeni. Wen, ukimaliza hapa, yeyusha kingine cha Nzigire. Rakeli apumzike wiki hii, zamu ya kumlisha Nzigire tutaichukua sisi."

"Nzigire," Wen alisema, akiandika. Sasa alilitamka vizuri kabisa.

Simu ya Rakeli ilikuwa mezani. Ikawaka. Ujumbe ulikuwa wa Jolie, na haukuwa wa Kiingereza.

*Yaya, wamemuita tena. Ameamuka. Anauliza ni nani anamuita.*

Rakeli alisimama. Kiti kiligonga ukuta. Alikwenda ubaoni, akachukua kalamu ya kijani, akaandika neno *marehemu* mbele ya jina, kwa herufi kubwa, na kwa kuwa hawakulijua neno lile akawaeleza maana yake. Kisha akarudi mezani, akaweka mbele ya Profesa chupa moja aliyoitoa kwenye kabati.

"Huyu ni shangazi yangu," alisema. "Hakuwahi kukubali. Mimi ndiye niliyemtafsiria."

Aliwaeleza kuanzia mwanzo, bila kuruka neno, kwanza la daktari, kisha lake. Profesa aliondoa miwani. Telesphory aliinamisha kichwa. Alipomaliza, Profesa alichukua simu, akasema kwa sauti yake ile ndogo kwamba anaanza na Louisville, halafu Buffalo, visiguswe mpaka vitakapofuatwa.

Wen ndiye aliyeishika ile chupa. Aliigeuza taratibu dhidi ya taa, bila kugusa kifuniko, na udongo ukateleza upande mmoja. Kitu kidogo kikagonga plastiki. Akaigeuza tena, kikagonga tena.

"Kuna nini humu?" aliuliza.

Rakeli alikuwa ameshakiona asubuhi. Kilikuwa cheupe, kidogo, kimetoboka kwenye mzizi. Jino la mtoto, kama yale ya Jolie aliyoyazika tantine mkebeni.